Swali Ambalo Esnath Hakulitafsiri

Esnath alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani mabichi ya chai pale Kisondela, na kwa miaka kumi na minne watu walimjua kwa mambo mawili: mizani yake haikumpunja mtu, na alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, aliogopa barua yoyote yenye mhuri. Wala hakuficha. "Mimi Kyala, Mungu wetu, aliniumba jioni," aliniambia siku aliponisimulia habari hii. "Ujasiri wote ulikuwa umeshagawiwa watu wa asubuhi."

Alizaliwa Kisiba, upande wa ziwani. Baba yake, Lwitiko, alikuwa mwinjilisti. Wahubiri wageni walipokuja, Lwitiko ndiye aliyesimama pembeni yao akigeuza Kiswahili chao kuwa Kinyakyusa, sentensi kwa sentensi, na nyumbani aliwafundisha wanawe kazi hiyo kama wengine wanavyowafundisha wana wao kukamua ng'ombe. Esnath alikuwa na miaka kumi na mitatu siku baba yake alipokaukiwa sauti, akasukumwa mbele ya kanisa kutafsiri mahubiri yote. Hofu haikumtoka tangu salamu hadi amina. Lakini alitafsiri.

Baadaye aliolewa Kisondela na Ezron, fundi wa mitambo ya kukaushia chai kiwandani. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Doreen, ambaye mwaka huu ninaousimulia, wa tisini na nne, alikuwa kidato cha pili, anakaa kwa shangazi yake Msasani, mjini Tukuyu, ili awe karibu na shule.

Ulikuwa mwaka wa mambo mawili yasiyofanana. Maduka ya Msasani yalikuwa yamejaa vitu ambavyo kwa miaka mingi tulivisikia tu: sabuni za kila rangi, redio, vitenge, mitumba iliyomwagwa hadi ukingoni mwa barabara. Wakati huohuo mashirika ya umma, hata la chai lililomwajiri Esnath, yalikuwa yakipunguza watu. Orodha zilibandikwa milangoni mwisho wa mwezi. Simon, dereva wa lori la majani kwa miaka ishirini, alilisoma jina lake kwenye karatasi ya aina hiyo mvua ikinyesha, akarudi nyumbani na koti la kazi begani, akalala siku tatu bila kusema na mtu. Tangu hapo Esnath hakupita mlango wa ofisi bila kwanza kuangalia kama kuna karatasi mpya.

Sasa nieleze habari ya benki, maana bila hiyo hakuna kisa.

Benki ya wakulima wa Kisondela ilikuwa na magurudumu. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, Landrova ilipanda kutoka mjini, ikaegeshwa kando ya banda la majani, na keshia akakaa ndani nyuma ya kidirisha cha nondo. Wazee wakapanga foleni na vitabu vyao vya akiba vilivyofungwa kwenye mifuko ya nailoni visilowe. Malipo ya chai yalipitia humo. Kwenda mjini kwa miguu ni asubuhi nzima kwa kijana. Kwa mzee ni siku. Wengi hawakuwahi kuona benki nyingine zaidi ya kile kidirisha.

Kumbe benki yenyewe ilikuwa mahututi. Kwa miaka mingi ilikuwa imekopesha mashirika na wakubwa, na mikopo haikurudi. Redio ikatangaza kwamba serikali imeiokoa: imeyabeba yale madeni mabovu na kuiongezea mtaji kutoka hazina, yaani fedha za wananchi. Isingefanya hivyo, ilisema redio, akiba za watu wote zingezama. Hilo lilikuwa kweli, na watu walilielewa. Ila hakuna redio iliyosema benki iliyookolewa itawafanyia nini hao waliotoa fedha za kuiokoa.

Na katika msimu huohuo ulipita msako wa kodi ya maendeleo. Mgambo walikuja alfajiri, na wanaume waliokuwa hawajalipa walikimbilia mashambani na kulala kifudifudi kati ya mistari ya chai. Mzee Asajile hakukimbia. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na umri wake ulitosha kusamehewa, lakini hakuwa na karatasi ya kuuthibitisha. Walimfunga kamba kiunoni pamoja na wengine sita, wakawatembeza barabarani hadi mjini mchana kweupe. Ndama wake alichukuliwa akauzwa kufidia kodi na faini.

Mzee Asajile alikuwa mdogo wake marehemu baba mkwe wa Esnath, na kwa mila za Kinyakyusa naye alikuwa baba mkwe. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, na wakikutana njiani mwanamke hushika njia nyingine. Ukristo umelegeza mengi kwetu, lakini kwa watu wa rika la Esnath hilo lilikuwa bado limekaza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajauona uso wa mzee yule. Siku ya kamba Esnath alikuwa anatoka kisimani. Alipoona msafara unakuja aligeuka haraka akatazama migomba, akakaa hivyo hadi walipopita, ila sauti ya miguu pekupeku kwenye tope aliisikia. Jioni ile hakula.

Miezi mitatu baada ya hapo, Jumanne moja, Katibu Kata, mtu aliyeitwa Erasto, alimfuata kwenye mizani.

"Mama Doreen, keshokutwa kuna mkutano wa benki hapa bandani. Wewe utatafsiri. Mgeni anatoka makao makuu, na ofisa utumishi wenu atakuwepo."

"Katibu, kwa nini usimchukue mwalimu mkuu?"

"Mwalimu ana mdomo. Wewe una adabu." Akainamia mizani kama anasoma uzito, akashusha sauti. "Halafu orodha ya mwezi ujao haijafungwa. Nakwambia kama dada yangu."

Siku mbili zile Esnath alienda chooni mara nyingi kuliko kawaida.

Alhamisi banda lilijaa. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi wasemaji wapaze sauti. Mgeni aliitwa Bwana Fred, mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, shati jeupe, viatu vimeshika tope hadi kwenye kamba, na alijitahidi asiviangalie. Aliongea vizuri. Alisema benki ilikuwa mgonjwa na sasa imepona. Mgonjwa aliyepona, alisema, hubadili mwenendo. Benki sasa itajiendesha kwa faida. Kwa hiyo gari litakoma kuja mwisho wa mwezi. Mwenye akiba iliyo chini ya shilingi elfu hamsini atakatwa gharama kila mwezi, au afunge kitabu chake. Anayetaka huduma aje tawini, mjini.

Esnath alitafsiri yote hayo bila kukosea hata neno. Alipofika kwenye elfu hamsini alisikia watu wakivuta pumzi. Pale bandani waliokuwa na kiasi hicho hawakuzidi watano.

"Kuna swali?" akauliza Bwana Fred.

Mzee Asajile akasimama. Esnath alimjua kwa sauti tu, maana macho yake yalishuka chini yenyewe, akabaki anaona ncha ya fimbo na vidole vya miguu. Mzee alizungumza Kinyakyusa cha taratibu, kama mtu aliyezoea makanisa yenye mkalimani: sentensi mbili, kimya, akisubiri.

Alisema hivi. "Mimi nilifungwa kamba kiunoni nikatembezwa kutoka hapa hadi mjini, kwa sababu ya kodi. Ndama wangu aliuzwa."

Akanyamaza asubiri tafsiri. Esnath alifungua mdomo. Kiti cha ofisa utumishi kililia. Neno halikutoka.

Mzee akadhani labda mvua imemzidi, akaendelea. "Baadaye nikasikia serikali imeiokoa benki kwa fedha za wananchi. Basi ndama wangu yumo humo. Mimi ni mmoja wa waliomtoa huyu mtu mtoni. Kwetu, ukimtoa mtu mtoni hakulipi, lakini hawezi kesho yake kukufungia mlango. Nauliza: benki imeahidi nini kwa sisi tulioiokoa? Na wale waliokopa wakala, nao walifungwa kamba?"

Waliojua lugha zote mbili, na walikuwa zaidi ya nusu, walimtazama Esnath.

"Mama, mzee anasemaje?" Bwana Fred akauliza kwa upole.

Aliniambia kwamba wakati ule aliona vitu vitatu kwa pamoja: kalamu ya ofisa utumishi, kola ya Katibu Kata, na sare ya shule ya Doreen ikining'inia kwenye kamba Msasani. Akasikia mdomo wake ukisema:

"Mzee anashukuru. Anaishukuru serikali kwa kuiokoa benki. Anaomba benki iendelee kuwakumbuka wazee."

Bwana Fred alitabasamu, akaandika. Katibu Kata akapiga makofi, wawili watatu wakamfuata, wakaacha.

Mzee Asajile hakujua Kiswahili kingi, lakini "anashukuru" alilijua kutoka kwenye sala. Alisimama kidogo. "Ndaga," alisema, yaani asante, akakaa.

Hakuna aliyemzomea Esnath. Angezomewa ingekuwa nafuu. Watu waliinuka wakaondoka na majani ya migomba juu ya vichwa vyao kukinga mvua, na kila aliyepita mbele yake aliangalia pengine.

Kesho yake wakulima walileta majani kama kawaida. Walitundika vikapu, wakangoja kuandikiwa, wakachukua stakabadhi. Salamu hakuna. Kwetu mtu humsalimia hata adui yake. Kumpita mtu bila kumsalimia ni kama kusema hayupo. Alijaribu kuanza yeye, "Mmeamkaje, mama?" na yule mama akaitikia kwa kumwambia mwenzake aliye nyuma, "Sogea, foleni ndefu."

Siku ya nne baridi ikamwingia.

Wazee wa zamani walikuwa na imani ambayo makanisani haitajwi lakini haijafa. Walisema majirani wakinung'unika juu ya mtu kwa haki, ile pumzi yao humfikia kama upepo wa baridi. Hapo hakuna mganga wala dawa iliyozikwa mlangoni, ni pumzi tu ya watu waliokosewa. Mtu hutetemeka juani, maziwa ya ng'ombe wake hukauka, mtoto wake huugua. Esnath alikuwa mtoto wa mwinjilisti na aliyajua maandiko. Lakini alikaa mbele ya moto, blanketi mbili begani, na meno yakamgongana.

"Ni malaria," alisema Ezron. Alimpeleka zahanati, wakampa klorokwini. Masikio yakavuma, mwili ukawasha, baridi ikabaki palepale.

"Baba Doreen, andika barua Msasani uulize kama mtoto ni mzima."

"Mtoto ni mzima. Juzi tu nimemwona."

"Andika."

Ezron hakuwa mtu wa maneno. Aliandika ile barua, akampa dereva mpya wa lori, na jibu lilipokuja kwamba Doreen ana mafua, Esnath alilia kama aliyefiwa. Mafua! Tukuyu nani hana mafua wakati wa mvua? Lakini yeye alihesabu siku, akaona yalianza baada ya mkutano.

Ezron ndiye aliyesema hatimaye, akiwa anavua viatu vya kazi. "Wewe unajua unachoumwa. Nenda kwa mzee."

"Nitaendaje kwa mzee? Siwezi kusema naye."

"Utasema na mama."

Basi alikwenda, Jumamosi asubuhi, na mkungu wa ndizi kichwani. Mke wa Mzee Asajile, Bi Vaileth, alimpokea jikoni bila kuuliza, akamwonyesha kigoda. Jiko lile lilitenganishwa na nyumba kubwa kwa ukuta wa mianzi, na upande wa pili kikohozi cha mzee kilisikika wazi. Alikuwa umbali wa hatua nne. Esnath aligeuza mgongo wake kwenye ukuta, kama inavyotakiwa, akasema na Bi Vaileth.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Niligeuza maneno ya mzee. Niliogopa kazi yangu."

Bi Vaileth akageukia mianzi, akasema kwa sauti, "Mkweo anaomba radhi. Anasema aliogopa kazi yake," ingawa mzee alikuwa amesikia kila kitu.

Sauti ya upande wa pili ikajibu: "Mwulize, je, mimi nilimwambia niko na hasira?"

Bi Vaileth akamgeukia Esnath. "Anauliza kama aliwahi kukwambia ana hasira."

"Hapana, mama. Lakini watu hawanisalimii. Nasikia baridi."

Yakapita tena yale maneno kwenye ukuta, na Esnath, aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu utoto, akajikuta kwa mara ya kwanza ndiye anayesubiri mdomo wa mtu mwingine. Alimsikiliza Bi Vaileth kwa woga, akichunga kila neno, asije akaongeza au kupunguza.

Mzee alikohoa tena. "Mwambie radhi zake sina pa kuziweka. Ninachotaka ni swali langu. Halijaulizwa. Wale watu walikwenda na kitu ambacho sikuwapa. Alhamisi wanakuja mara ya mwisho. Aliulize."

"Anasema uliulize," alisema Bi Vaileth. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe na ya chini, "Mwanangu, kama huwezi, usiende. Mimi mwenyewe nisingeweza."

Akampakulia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, akamlazimisha kula kabla ya kuondoka.

Alhamisi ile ya mwisho kulikuwa na jua, jambo la ajabu kwa mwezi ule. Landrova iliegeshwa mahali pake. Bwana Fred alikuwa amekuja mwenyewe kusimamia ufungaji, amekaa kwenye meza ndogo nje ya gari akipokea vitabu vya akiba na kuwawekesha watu alama ya dole gumba kwenye fomu. Katibu Kata alisimama nyuma yake. Foleni ilikuwa ndefu, na Mzee Asajile alikuwa katikati.

Esnath alipima vikapu vitatu akivichanganya uzito, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akaweka kalamu chini. Aliniambia hakuamua kutembea; aliona tu nyasi zinapita chini ya miguu. Alipofika mezani alisimama mbele ya foleni yote.

"Mama?" alisema Bwana Fred.

"Bwana, ile siku ya mkutano nilitafsiri vibaya. Mzee hakushukuru. Naomba nitafsiri upya."

Katibu Kata alipiga hatua. "Mama Doreen, rudi kwenye mizani."

"Narudi, Katibu. Nikimaliza."

Hakujua hayo maneno yametoka wapi. Bwana Fred alimtazama Katibu, akamtazama yeye, akasogeza fomu pembeni.

"Mwache," alisema. "Mzee mwenyewe yupo? Aseme tena."

Esnath akampa mgongo mzee, kama mila inavyotaka, akabaki uso kwa uso na mtu wa benki. Nyuma yake akaisikia ile sauti ikianza, taratibu, sentensi mbili, kimya. Na safari hii katika kila kimya aliweka Kiswahili chake. "Mimi nilifungwa kamba kiunoni," alisema, kama baba yake alivyomfundisha, maana mkalimani hasemi "mzee anasema," husema "mimi." Alipofika kwenye ndama alikosea, akaanza upya sentensi ile. Alisema habari ya mtu aliyetolewa mtoni. Alisema, "Benki imeahidi nini kwa sisi tulioiokoa?" Alisema, "Na wale waliokopa wakala, nao walifungwa kamba?"

Ndani ya gari keshia aliacha kuhesabu.

Bwana Fred aliweka kalamu chini. "Mwambie mzee," alianza, akaacha. "Mwambie kuna chombo kimeundwa kuwafuatilia waliokopa."

Esnath akatafsiri.

"Kwa kamba?" akauliza Mzee Asajile, na watu wakacheka, kicheko kifupi kilichokatika chenyewe.

"Hapana. Kwa barua." Bwana Fred alisugua paji la uso. "Mzee, mimi nilisomeshwa kuwajua wale benki inaowadai. Sikuwahi kusomeshwa ni nani anaidai benki. Swali lako sina jibu lake."

Maneno hayo alimwambia mzee moja kwa moja, kwa Kiswahili, akiangalia juu ya bega la Esnath, na mzee aliyaelewa kwa kumwangalia usoni kabla hayajatafsiriwa, kwa sababu alisema mara moja: "Basi aandike. Ndama wangu simdai. Gari lije hata mara moja kwa mwezi, na kidogo chetu kisikatwe. Hayo tu."

Bwana Fred akaandika, akasoma alichoandika, Esnath akageuza, mzee akakubali. Katibu Kata alikuwa ameshaondoka.

Walipokuwa wanafunga gari, Bwana Fred alimwita pembeni. Esnath alidhani sasa ndiyo adhabu inakuja. Lakini yule bwana alisema, "Mama, uliponiona natafuta maneno, usidhani nilikudharau. Makao makuu wanapunguza watu kumi na saba. Mimi nimo." Akapanda gari. Hawakuonana tena.

Kesho yake yule mama wa kwenye foleni alitundika kikapu chake na kusema, "Umeamkaje, Mama Doreen?" Esnath aliitikia akainama kuandika, na ilimbidi asubiri kidogo kabla herufi hazijaonekana. Baridi ilimtoka wiki ileile. Ezron aliendelea kusema ilikuwa malaria na ile klorokwini ilichelewa kufanya kazi.

Hofu haikutoka. Wiki mbili baadaye ilikuja barua yenye mhuri, ikimtaka afike mjini kwa ofisa utumishi. Aliiweka chini ya godoro siku nzima kabla ya kumwonyesha mumewe. Asubuhi ya kwenda alimpitia Doreen Msasani, akamwachia ufunguo wa sanduku na kumwelekeza nguo za baba yake zilipo, kama mtu anayekwenda jela.

Ofisa utumishi alikuwa na faili mbele yake. "Nani alikutuma?" aliuliza. "Ni chama gani?" Maana vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa na uchaguzi ulikuwa unakaribia.

"Hakuna chama, mheshimiwa. Nilitafsiri alivyosema mzee."

"Na kwenye mkutano?"

"Kwenye mkutano niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa pia naogopa."

Yule mtu aliandika kitu, Esnath hakujua ni nini, akamwambia aende. Alitembea hadi Msasani, akamkuta Doreen mlangoni, bado ameshika ule ufunguo.

Gari la benki halikurudi Kisondela. Mwaka uliofuata ilibandikwa barua bandani: wenye akiba ndogo hawatakatwa gharama kwa muda wa miezi kumi na miwili. Miezi kumi na miwili tu, na anayetaka fedha zake atembee hadi tawini. Katibu Kata alisema ni yeye aliyelipigania jambo hilo. Watu wa Kisondela walisema ni swali la Mzee Asajile. Lakini tulipata habari kwamba hata Kisiba, ambako hakuna aliyeuliza chochote, ilibandikwa barua hiyohiyo. Mzee aliifuata ile ahadi mwenyewe, kwa miguu, mara nne mwaka ule, akafika dirishani na kudai asomewe kitabu chake kwa sauti. Alifariki kabla miezi haijaisha.

Esnath alipunguzwa kazi mwaka wa tisini na sita, pamoja na makarani wengine kumi na mmoja ambao hawakuwahi kumuuliza mtu swali. Kama jina lake liliwekwa kwa sababu ya siku ile, au lingekuwemo hata angekaa kimya, hakujua, na hilo lilimsumbua zaidi ya kazi yenyewe. Alianza kuuza ndizi na maparachichi sokoni Msasani. Alipata hasara mwaka wa kwanza, wa pili akajua bei.

Watu waliendelea kumtafuta. Kiwanda kilipotakiwa kuuzwa kwa mwekezaji na mkutano ukaitishwa, wazee wa Kisondela walituma watu wawili sokoni kumwomba akatafsiri. Walimkuta anapanga maparachichi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni nani watakuwepo, wakamtajia: Mkuu wa Wilaya, wanasheria, na wazungu wawili.

"Mama yangu," alisema Esnath, akakaa juu ya tenga.

Walidhani amekataa, wakaanza kuaga. Aliwaambia wasubiri. Alikwenda chooni, akarudi, akafunga kitenge upya, akamwachia jirani biashara yake, akawafuata.